Kivuli Miguuni pa Béata

Gasana aliziba uso wa mke wake kwa kiraka cheusi, akahakikisha hata sikio halionekani, kisha akairusha picha ukutani kwa projekta mbele ya wanafunzi wa uandishi wa habari za mtandaoni.

"Kazi ya leo ni hii," alisema. "Picha inazunguka bila maelezo. Ilipigwa wapi, lini, na nani? Sitaki mnikisie. Nataka ushahidi."

Aliyaandika maswali hayo ubaoni, chini kabisa kama kawaida yake. Mkono wake wa kulia haukupanda tena juu ya bega tangu pikipiki ilipomtupa mtaroni mwaka mmoja kabla ya harusi yake. Wanafunzi wa viti vya nyuma walishazoea kusimama ili wasome, na waliokuwa na midomo walimtania kwamba anafundishia chekechea.

Picha hiyo Béata, mkewe, aliiweka kwenye WhatsApp yake Jumapili, bila neno, na moyo mwekundu chini yake. Amesimama kando ya ziwa na kitenge cha kijani, anacheka mpaka magego. Kicheko cha namna hiyo Gasana hakukumbuka lini alikisikia nyumbani kwake.

Lakini kilichomnyima usingizi kilikuwa miguuni pa Béata. Jua lilikuwa mgongoni mwa mpiga picha, na kivuli chake kilianguka chote mchangani: mwanamume mwembamba, mrefu, mkono mmoja umeinua simu, mwingine umelala kifuani. Kifuani, juu ya moyo! Gasana, ambaye tumbo lake lilikuwa limeanza kumtangulia mlangoni, hakuhitaji kuambiwa. Chuoni kulikuwa na mwembamba mmoja tu, Mulume, mwalimu wa kupiga picha, aliyekulia Bukavu na kurudi na manukato yake na salamu zake ndefu kwa wake za watu.

"Nani alikupiga hiyo picha?" alikuwa amemuuliza Béata asubuhi hiyo.

Béata alijibu: "Muntu mwenye alikuwa ananipenda. Utafute mwenyewe. Si wewe njo unafundishaka bantu kutafuta?"

"Basi nikirudi saa sita nisikukute humu."

Hakulia wala kubisha. Alichukua begi lake juu ya kabati na kuanza kukunja nguo.

Sasa darasa lilikuwa kazini. Parfait ndiye aliyeanza kunyanyua mkono. "Mwalimu, ile kule nyuma ni kisiwa ya Nkombo. Ukiiona hivi, uko Nkanka."

Gasana aliandika *Nkanka* kwa nguvu mpaka kalamu ikalia. Mulume alipanga nyumba Nkanka. Chuo kizima kilijua hilo.

"Na mwenye kupiga picha ni muntu mwembamba, mrefu," alisema Zulaikha, binti wa fundi cherehani wa Kamembe. "Angalia ule mukono kwa roho. Jamani, huyu alipenda!"

Darasa likacheka. Gasana hakucheka. Nje ya dirisha Mulume alikuwa akiwaonyesha wasichana wawili namna ya kushika kamera, na wasichana walikuwa wakicheka naye. Gasana aliwatazama kwa wivu. Alitamani atoke, aichukue kamera ile na kuipigiza ukutani. Badala yake alitoa simu na kumwandikia mkewe: *Nimemjua. Begi lako lipeleke kwa Mulume.* Akatuma kabla hajajizuia.

Jibu lilikuja upesi. *Sawa, Gasana. Niko mu basi ya Kigali. Funguo niliacha kwa jirani.*

Aliisoma mara mbili, akairudisha simu mfukoni. Ameona aibu, alijiambia. Mtu mwenye haki hakimbii.

"Mwalimu, tunakosea," alisema Jolie.

Jolie alikuwa msichana wa Nkanka, mpole, asiyesema mpaka awe na hakika. Alikuwa ameivuta picha kwenye kompyuta yake mpaka pembe moja ikajaa kioo: kipande cha ukuta wa buluu ambacho hakuna aliyekiangalia.

"Hii nyumba haiko tena. Ilikuwa ya tantine wangu, dada ya mama, Nyirabagenzi. Alipokufa baliibomoa, mimi ningali shule ya primeri. Picha ni ya zamani sana."

Ya zamani! Gasana alianza kuhesabu miaka. Kumbe walianza kitambo, labda hata kabla hajampeleka kanisani. Miaka yote hiyo alikuwa akichekwa.

"Kwa hiyo huyo mwanamume alikuwa mpenzi wake tangu zamani," alisema, na sauti yake mwenyewe ikamsaliti kidogo. "Endelea, Jolie. Nani?"

"Jina sijui. Lakini hashiki roho, Mwalimu." Jolie alikuza kivuli, akaweka kidole juu ya kioo. "Ona, kuna kitambaa kinatoka ku shingo. Tantine alikuwaka anaunga bantu mifupa, bagonjwa banatoka hata Mururu. Huyu ni mugonjwa wake. Mukono ya kuume ilivunjika, njo maana anapiga picha na ya kushoto."

Darasa likamgeukia mwalimu, likimsubiri aseme kama ushahidi unatosha.

Gasana aliusogelea ukuta. Aliinua mkono wake wa kulia, ule aliouunga Nyirabagenzi, ili akiguse kile kivuli, nao ukaishia begani.