Hashuki Mtu

Ambwene alisimama ukingoni mwa shimo la mchanga, panga mkononi, akasema atakayeshuka atamkata.

Nyuma yake, chini kabisa, mguu wa mdogo wake Amoni ulionekana. Mguu tu, wenye buti la mpira. Mwili uliobaki ulikuwa umeingia kwenye pango ambalo wachimbaji walilitoboa ubavuni mwa shimo. Mguu haukutikisika.

"Gwe Ambwene, huyo mmetoka tumbo moja!" mzee Ambilikile alipaza sauti. "Tupishe!"

"Hashuki mtu."

Pale Masoko hakuna asiyejua ugomvi wa ndugu hawa. Bei ya kahawa ilipoanguka, na wanunuzi binafsi wakawa wanakuja wanapojisikia, watu waling'oa mibuni wakaanza kuchimba mchanga wa kuwauzia waliokuwa wakijenga maduka Tukuyu. Shimo hili lilikuwa katika shamba aliloliacha baba yao, na kila mmoja alisema ni lake. Jumapili iliyopita nusura washikane mashati mbele ya kanisa.

Usiku ardhi ilikuwa imetetemeka, vyombo vikaanguka, migomba ikalala. Asubuhi Amoni alitoka kwenda kuiinua ya kwake, akapita njia hii, ambayo watoto huifuata kwenda shule. Hakurudi. Mkewe, Atupele, alipomfuata alimkuta Ambwene peke yake ukingoni, tope limemjaa kifuani, kucha zinatoka damu, anakohoa kama mtu aliyekabwa.

"Wamepigana," Atupele aliwaambia waliokuja mbio baada ya kusikia yowe lake. "Amemsukuma. Sasa anangoja afe kabisa."

Ambwene hakukana. "Mle chini hakuna hewa," alisema, sauti imekauka. "Ardhi imepasuka, inatoa kitu. Ukifika tu, nguvu zinaisha."

"Jana tumechimba humo mpaka jioni," alisema Ackson, jirani yao mwenye nguvu, aliyekuja na kamba begani. "Hiyo hewa imekwenda wapi leo?"

Alijaribu kupita. Ambwene akampiga begani kwa ubapa wa panga, akampiga tena, mpaka Ackson akarudi nyuma. Mtu mmoja alitema mate chini. Hakuna aliyejaribu tena.

Felista, mke wa Ambwene, alifika wa mwisho. Watu walimpisha bila kumsalimu. Alimsogelea mumewe akasimama pale panga lilipoweza kumfikia.

"Baba Tulinagwe," alisema taratibu, "waache wamtoe. Mtoto akitoka shule nimwambie nini? Kwamba baba yake alisimama na panga, baba mdogo akafa?"

Panga lilishuka kidogo. Ambwene alianza kutetemeka. Hakumtazama mkewe usoni.

"Nenda nyumbani, Felista."

"Siendi. Nakaa na mwenzangu."

Akaketi kwenye nyasi zilizolowa, akamshika Atupele mkono. Atupele hakuuondoa.

Ambwene aliomba kamba. Ackson akamtupia kwa hasira. Alifunga majani makavu ya mgomba, akayawasha, akayashusha shimoni. Kabla hayajafika chini moto ulizimika ghafla, kama uliomwagiwa maji. Wengine walinong'ona kuwa ni uchawi. Ackson alitazama ule moshi, akatazama buti la Amoni, kisha akakaa chini.

Ambwene alirudia. Moto ukazimika. Akarudia tena. Ukungu ulilala juu ya shimo, hata jani halikucheza. Atupele alilia mpaka sauti ikamwisha, akabaki ameduwaa. Kufikia hapo hakuna aliyekuwa akizungumzia kumwokoa Amoni. Wanawake walitandika kitenge ukingoni kwa ajili yake, na mzee Ambilikile akavua kofia.

Mchana upepo ulipanda kutoka upande wa ziwa, ukungu ukatawanyika. Ambwene akashusha moto mwingine. Ulifika chini ukaendelea kuwaka.

Alitupa panga. Alijifunga kamba kiunoni, akachukua nyingine mkononi, akamkabidhi Ackson ncha zote mbili.

"Nikinyamaza, nivuteni. Asinifuate mtu."

Walimwona akiteremka akiegemea ukuta wa mchanga. Alipofika chini alisimama kidogo karibu na mdogo wake, akamgusa mguu. Halafu, badala ya kumfunga kamba, aliinama, akatambaa juu yake, akaingia pangoni.

"Anatafuta nini humo?" mzee Ambilikile aliuliza.

Walimsikia akikohoa. Kisha sauti yake ikapanda, ndogo, kama ya mtu mwingine.

"Mshikeni Felista."

"Atupele tumeshamshika," Ackson alijibu.

"Nimesema Felista."

Watu walitazamana. Felista alikuwa bado ameketi, mkono wa Atupele mkononi mwake, akiwatazama kana kwamba wamekosea jina.

Kamba ya pili ikatikiswa. Ackson na wenzake walivuta kwa nguvu zote, wakapepesuka nusura waanguke nyuma, kwa maana ilikuja nyepesi, haikuwa na uzito wa mtu mzima. Aliyetokeza ukingoni, kichwa kimeanguka kifuani, alikuwa Tulinagwe, amevaa sweta yake ya shule.