Risasi Mia Sita Bila Tone la Mafuta

Risasi ya mia tano arobaini na moja ilitoka kama zile nyingine zote, na Twyla akatukana.

Ilikuwa siku ya nne. Korongo kavu nyuma ya zizi la Mzee Lyle lilinuka baruti, na bastola mkononi mwake ilikuwa nyeusi tii kama sufuria ya kuni. Haikuwa imepanguswa hata kwa kitambaa. Silinda ilizunguka kwa kukwaruza, na kila alipojaza risasi sita nyingine ilimbidi azisukume kwa kidole gumba mpaka ukucha ukamuuma. Lakini ilipiga.

"Mia tano arobaini na moja," alisema Mzee Lyle, akiandika kwenye daftari. Alikuwa ametengeneza bunduki za nusu ya jimbo la Nebraska kwa miaka arobaini. "Pumzika, binti. Mkono umeshavimba."

"Nitapumzika Jumanne, akishafungwa."

Jumanne ndiyo ilikuwa siku ya kesi kuendelea. Royce, mumewe, alikuwa amemwekea bastola kama hii kisogoni, pale jikoni, akavuta kifyatulio mara nne. Tik, tik, tik, tik. Kisha akatoka mbio na gari lake na kwenda kuitupa mtoni, na mpaka leo haijaonekana. Mbele ya hakimu akasema alikuwa anamtisha tu. Bastola ilikuwa ya marehemu baba yake, imelala kwenye droo miaka tisa bila kusafishwa wala kutiwa mafuta, imeganda uchafu. Eti alijua fika kwamba haiwezi kulia. Wakili wake alitabasamu. Na Twyla aliwaona majirani, watu aliokula nao Krismasi, wakitikisa vichwa kukubali.

Kile kitendo cha kutikisa vichwa ndicho kilichomtia wazimu. Mzee Lyle alimtafutia bastola ya aina ileile, ya umri uleule. Aliichemsha kwa sabuni mpaka mafuta yote yakatoka, akaimwagia vumbi la zizini, akamkabidhi. Twyla akaapa ataipiga mara mia sita. Ikigoma hata mara moja, Royce atakuwa amesema kweli.

Walipofika mia tano sitini na nne, gari lilisimama kwenye lango. Imogene, mama yake Royce, alishuka polepole, koti limefungwa mpaka shingoni.

"Huyo naye anataka nini?" Twyla alisema kwa sauti ya kusikika.

Waliishi nyumba moja, yeye, Royce na mama huyu. Siku ile Imogene alikuwa sebuleni, hatua sita tu kutoka jikoni. Alipoulizwa mahakamani alisikia nini, alijibu, "Sina la kusema juu ya mwanangu," akarudi kukaa.

"Umekuja kunihesabia, Mama? Au Royce kakutuma?"

"Hakuna aliyenituma. Acha hii kazi, Twyla."

"Niache? Ili arudi umkaangie viazi?"

Imogene alisogea kwenye meza, akaokota risasi moja, akaizungusha kati ya vidole, akaitikisa karibu na sikio, akairudisha mahali pake.

"Unajisumbua bure," alisema. "Haitagoma."

"Ungeyasema hayo mahakamani!" Sauti ya Twyla ilipasuka. "Mwanao alitaka kuutawanya ubongo wangu kwenye jiko lako, na wewe ukakaa kimya kama gogo! Bibi mzima! Huoni hata haya?"

"Twyla," Mzee Lyle alisema.

"Usiniambie Twyla! Andika!"

Akajaza, akapiga. Akajaza tena. Kifyatulio kilikuwa kizito sasa, akalazimika kukivuta kwa vidole viwili, machozi ya hasira yakichanganyika na masizi usoni. Kila risasi aliipiga kama anayempiga mtu kofi. Mia tano sabini. Mia tano themanini na mbili. Silinda ilikwaruza, ikasita, ikazunguka. Mia tano tisini na nne. Alitia sita za mwisho, na zote sita zikalia.

"Mia sita," Mzee Lyle alisema, akaweka kalamu chini. "Hakuna hata moja iliyogoma. Royce alijua itakuua, binti. Nitamwambia hakimu kwa mdomo wangu mwenyewe."

Twyla alikuwa amesubiri maneno hayo siku nne. Sasa aliyapata. Aliitazama bastola, akaitua mezani kama kitu cha moto.

"Hii imelia mara mia sita," alisema taratibu. "Ile mbona haikulia hata mara moja kati ya nne?"

Mzee Lyle aliinamisha macho. "Labda ni bahati tu."

"Haikuwa bahati," Imogene alisema.

Wote wawili wakageuka.

"Kila Royce aliponunua risasi mpya, alipolala nilizifungua, nikamwaga baruti, nikazilowesha mafuta fataki za kuiwasha ili zisilipuke, nikazifunga na kuzirudisha kwenye droo. Nimefanya hivyo tangu wiki ile alipokuleta nyumbani."

Mzee Lyle aliuliza alijifunzia wapi kazi ya kifundi namna ile.

"Nilianzia kwenye risasi za baba yake," Imogene alisema. "Miaka thelathini na moja, na hakujua mpaka anakufa."