Mteja wa Mapazia

Haya alinisimulia mdogo wangu juzi, mkono wake umefungwa bandeji, mimi nikimshikia kikombe anywe.

Binti yake ni fundi cherehani. Alimkimbia mume aliyemvunja taya, akajificha kwa mama yake, akawa anauza mapazia kwenye lile soko la simuni ambako watu hufanyiana urafiki kwanza ndipo wakanunua. Huko akapata shoga, Mama Pacha, aliyesifia kila picha: “Una mikono ya dhahabu, shoga!” Mwisho shoga akaagiza mapazia, akaelekezwa mpaka mlangoni.

Fundi huyu hupiga pasi kazi yake mbele ya mteja. Hodi ilipobishwa, pasi ilikuwa imeshapata moto, iko mkononi.

“Karibu, shoga!” akafungua.

Alikuwa mumewe, na nyundo.

“Mama Pacha ndiye mimi,” akasema akicheka. “Lete hiyo mikono ya dhahabu niivunje.”

Akamkaba shingo, akambana ukutani, akainua nyundo. Binti akambandika pasi shavuni, akaikandamiza bila kuisogeza, kama afanyavyo kwenye pindo gumu. Nyundo ikadondoka. Mume akaanguka akipiga yowe, na pasi ikamfuata chini.

“Mwanangu, inatosha! Utaua!” Mama mtu aliikamata pasi kwa kiganja kitupu ndipo ikabanduka.

Majirani walimbeba yule mtu akiwa hana sauti tena. Binti akachomoa waya ukutani, akajilaza juu ya mapazia, mlango wazi, akalala fofofo.