Kamba ya Ndama

"Rhobi mwanangu, nimefuata kamba yangu," mama kutoka Bugwema alisema kabla hata ya kukaa.

Rhobi, afisa ustawi wa jamii, aliijua. Mwaka jana mama alimfungua kijana wake mgonjwa wa akili kwenye nguzo ya zizi, akamkabidhi Rhobi kamba ile ya ndama. "Kaa nayo. Sindano yenu ikimtuliza, siitaki tena."

Ilimtuliza. Kisha wafadhili wakajitoa, na sindano hazijaja miezi mitatu.

"Mama, tuvumilie kidogo."

"Jana kamkaba dada yake. Nyie mnavumiliaga wapi?"

Rhobi akavuta droo. Kitanzi alichofungiwa kijana kilikuwa bado kwenye kamba. Akaanza kukifungua kwa kucha, kwa hasira.

"Kiache hivyo hivyo," mama alisema. "Kitamtosha."