Sufuria Nyasini

Ilikuwa kambi ya nne, na Bi Tabu alikuwa hajaona hata mkia wa tembo. Mumewe alikubali kuegesha gari lao lenye kitanda na jiko penye uwanja wa gofu tu. Sasa hata sufuria ya ugali alikuwa ameilaza nyasini iwe shimo lake la gofu, anailenga kwa mpira na fimbo.

"Baba Siwema, tembo tutawaona lini?"

"Mpira mmoja tu, Mama Siwema."

"Mmoja tangu asubuhi! Na ugali nipikie kwenye kofia yako?"

Hakuinua kichwa, kwani alifundishwa kwamba mcheza gofu hainui kichwa kabla ya kupiga. Bi Tabu akaibeba sufuria, akapanda kiti cha dereva, akawasha injini. Nyuma yake mpira ulishapigwa, ukibingirika taratibu kuelekea nyasi zilizolala pale sufuria ilipokuwa.