Samurai wa Iftin

Filamu ilikuwa imeshakwenda dakika tano, na Abdimalik alikuwa hajaelewa hata neno moja.

Alikishika kipaza sauti kwa mikono miwili. Kibanda cha video cha Sugow, pale Iftin, kilikuwa kimejaa hadi mlangoni alasiri ile ya mwaka tisini na sita, na wote walimsubiri yeye. Kwenye benchi la mbele walikaa Wajapani wawili. Mmoja alikuwa Bi Haruko, mwalimu wa hesabu aliyemfundisha Kijapani miezi minane. Wa pili alikuwa mkubwa wake wa kazi, mzee wa mvi aliyefika asubuhi kutoka Nairobi.

Mzee huyo alitafuta mtu mmoja tu wa kuzunguka na filamu za kwao hadi Wajir na Mandera, awatafsirie wafugaji kwa Kisomali. Mtu huyo angepelekwa kwanza Japani, mwaka mzima, akasomee kazi ya filamu. Kisomali chenyewe mzee hakukijua. Alitaka tu kuona Abdimalik anavyowashika watazamaji.

Abdimalik aliitaka nafasi hiyo mpaka usingizi ukamruka.

Shida yake ilikuwa ya zamani. Kwa miaka sita alikuwa akiutafsiri mkanda huu huu, ambao Sugow aliununua Isili, Nairobi, na kuuandika kwa kalamu nene: SAMURAI. Kusema kweli, miaka yote hiyo hakujua hata salamu ya Kijapani. Alitazama midomo, akatunga. Samurai akifoka, ameibiwa ngamia. Msichana akilia, anaozwa kwa mzee asiye na meno. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, na kesho yake wakarudi. Nani angelalamika?

Lakini uongo ukaanza kumkera. Aliwapenda watu wale wa kwenye kioo, akatamani siku moja aseme wanachokisema wenyewe. Ndipo akaenda kubisha hodi kwa Bi Haruko kule Waberi, daftari mkononi. Kadiri alivyosoma ndivyo alivyowaona Wajapani ni watu wa nyumbani kabisa. Wanakaa mkekani. Mgeni hupewa chai kabla ya maswali.

"Kwetu hakuna mtu anayeingia ndani na viatu," Bi Haruko alimwambia siku moja. "Hata awe mfalme."

"Hata sisi, mwalimu! Wallahi, hata sisi!"

Baadaye njiani alikumbuka kwamba samurai wake huingia majumbani na viatu vyake, tena akakaa kitini. Alijiambia labda ni haraka za vita.

Angeukagua mkanda mapema, lakini Sugow alikuwa ameuazimisha kwa shemeji yake kule Tarbaj tangu kabla masomo hayajaanza, na ulirudi leo hii, juu ya lori la mbuzi.

"Walaal, ndugu yangu, sema kitu!" Sugow alimnong'oneza. "Hii watu inangoja. Utaniaibisha mbele ya Jabani."

Abdimalik alitega sikio tena. Sauti ilikuwa safi, ila hakuambulia kitu. Na mlangoni tu walikuwa wameongea na yule mzee robo saa nzima, habari za safari, habari za joto, yote kwa Kijapani, bila kukwama! Labda hiki kilikuwa Kijapani cha mababu. Labda kichwa chake mwenyewe ndicho kibovu. Miezi minane, bure kabisa.

Akamwomba Mungu msamaha, akafanya alichokizoea.

"Nani ameiba ngamia wangu?" alinguruma kwa Kisomali.

Kibanda kikalipuka kwa makofi. Basi akaenda nayo. Ngamia wakatafutwa, mzee asiye na meno akaleta posa, samurai akapiga magoti analia, na watu wakaangua kicheko. Hapo moyo wa Abdimalik ukamlipuka. Mjapani yeyote angejua kwamba pale si pa kucheka.

Bi Haruko aligeuka, macho yamemtoka, akamnong'oneza mkubwa wake. Tangu hapo mzee hakutazama filamu tena. Alimtazama Abdimalik tu.

Nimekwisha, Abdimalik aliwaza. Aibu ilimchoma hadi masikioni, lakini mdomo haukusimama mpaka mkanda ulipoisha.

Alijibanza ukutani, maneno ya kuomba radhi yakiwa tayari ulimini. Mzee alimwinamia Bi Haruko akasema naye haraka haraka kwa Kijapani, na ajabu ni kwamba sasa Abdimalik alisikia kila neno.

"Ndiye huyu. Kijapani chake kizuri, na watu anawaweza. Mwambie afunge mizigo. Lakini kwanza muulize: hiki Kichina cha kwenye filamu amefundishwa na nani?"