Akili ya Kompyuta Yahamia Malindi

Gari lilipoingia Mambrui, wanaume waliokuwa barazani walisimama wote. Waliona Peugeot ikitambaa kama inayoogopa kukanyaga mayai, taa zimewashwa mchana kweupe, na ndani yake Shekha amepakata kitu kidogo kilichofungwa kwa kikoi cheupe.

"Inna lillahi," mmoja akasema, akasogea dirishani. "Poleni sana. Mtoto wa nani?"

"Hajafa," akajibu Mzee Abdulghani kutoka kiti cha mbele. "Ni akili ya kompyuta. Inahamia Malindi."

Yule bwana akafikiri kidogo. "Basi Mungu aisahilishie," akasema, akarudi barazani.

Kaingu, aliyeketi nyuma kando ya Shekha, hakucheka. Alikuwa fundi wa kompyuta, mtu wa Kilifi, mgeni katika kazi, na tajiri wake alikuwa amemwambia waziwazi: diski ile iliyofungwa kwenye kikoi ikiharibika mkononi mwake, asirudi.

Kompyuta ya zamani ilikaa miaka minne Marereni, katika ofisi ya chumvi ya Mzee, mpaka chumvi ikaila. Wiki iliyopita ilikataa kuwaka kabisa. Mzee alinunua mpya, akaiweka Malindi mjini, mbali na hewa ile ya chumvi. Lakini alishikilia sharti moja: diski ya zamani, aliyoambiwa ina mfumo unaoiendesha mashine na kazi zote za ofisi, ihamishwe kama ilivyo.

"Mpya inaweza kuwekewa diski yake, Ami," Shekha alimsihi tena. Alikuwa binti wa nduguye na karani wake, na ndiye pekee aliyeigusa kompyuta ile. "Hii imechoka. Tuiache ipumzike."

"Hiyo nyingine itanijua?" Mzee akamgeukia Kaingu. "Mwanangu, mimi nilisoma chuo cha Kurani. Kiarabu nakisoma, hizi herufi za Kizungu sizijui. Lakini mashine ile kila asubuhi ikiwashwa huniamkia kwa maandishi. Shekha hunisomea: Shikamoo, Mzee Abdulghani. Nami huitikia, kisha hutoka. Jumamosi Shekha huniletea ripoti, safi, haina kosa. Wanangu wa kuzaa hawaniamkii siku hizi. Nimtupe yule?"

"La, Mzee," Kaingu akasema.

Shekha alikuwa akifikicha vidole vyake, vilivyochafuka kwa wino wa taipureta. Walipokaribia Malindi akamwinamia fundi. "Haiwezekani kwamba nayo imekufa pamoja na mashine?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Usiwe na hofu, dada. Diski ni nzima. Kila kilichokuwamo kimo."

Shekha akafumba macho.

Ofisini Malindi, Mzee alitaka ubani ufukizwe kwanza. Kaingu akasubiri, akapiga chafya, kisha akafungua kompyuta mpya. Akaipachika diski mahali pake, akaunganisha nyaya, akakaza skrubu. Akawasha.

Diski ikavuma. Maandishi yakatokea kwenye kioo.

Kaingu aliyasoma, akayasoma tena. Kwa Kiingereza, mashine ilikuwa inasema kwamba diski ile haina mfumo; iwekwe nyingine, kisha kibonyezwe kitufe chochote. Kazi ya miaka minne ilikuwa imefutika mikononi mwake. Alijiona akishuka Kilifi na begi lake la vyombo, hana kazi, hana la kumwambia mama yake.

"Mzee," akaanza, "naomba uniwie radhi..."

Mzee hakuwa anamsikiliza. Alikuwa amevaa miwani na kuinama mbele ya kioo, akiyafuata maneno kwa kidole, kutoka kulia kwenda kushoto. Machozi yalikuwa yakimlengalenga.

"Marahaba," akaiambia mashine.

Kisha akamshika Kaingu begani. "Nilichelea huenda ingenisahau njiani. Lakini tazama mwenyewe. Ni maneno yaleyale, herufi kwa herufi, tangu asubuhi ya kwanza kule Marereni."

Kaingu akamtazama Shekha. Shekha alikuwa ameshaushika mlango kwa vidole vyake vya wino, ameufungua wazi.

"Haya, Ami," akasema, "iache sasa ifanye kazi."